Kitabu cha Keldrigg

Kitabu cha kanisa la Keldrigg kilikuwa kimepotea tangu Jumanne. Sasa ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi, na saa sita mchana siku hiyo hiyo ofisi ya wilaya ingeacha kupokea madai ya viwanja vya umma. Bila kitabu hakuna dai. Bila dai, uwanja wa Laikgarth, ambamo watoto wa Keldrigg wanacheza mpira na ambamo babu zao walicheza, ungebaki mali ya Bwana Harker, naye alikwisha kuagiza nyumba arobaini za magurudumu za kukodisha kwa watalii.

Sajenti Clifford Iveson alikung'uta theluji kwenye buti akaingia chumba cha nyuma cha kanisa. Kesi hii aliipokea jana jioni. Kabla yake ilikuwa mikononi mwa Konstebo Purvis, kijana wa mjini, ambaye alijaza kurasa tisa za daftari kisha akalala na homa. Iveson alizisoma zote tisa. Zilikuwa na saa, tarehe na sahihi. Jibu halikuwamo.

Mwalimu Edith Raw alikuwa anamsubiri, amesimama, koti halijavuliwa.

"Nilidhani umekuja kung'oa mbao zilizobaki," alisema.

"Zimebaki ngapi?"

"Mwenzako aling'oa sita. Jikoni kwangu. Alikuwa anatafuta kitabu chenye uzito wa mtoto mchanga chini ya sakafu ambayo panya hapiti."

"Nitamwambia azirudishe."

"Alishazirudisha. Sasa zinalia nikipita."

Iveson alipiga goti mbele ya sanduku la mwaloni ambamo kitabu kilikuwa kinakaa. Kufuli moja, halijavunjwa. Hakuna mkwaruzo. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao kasisi, na kasisi alikuwa hospitali tangu Jumapili na nyonga iliyovunjika. Muuguzi alithibitisha kwa simu kwamba ufunguo umo kwenye droo ya kitanda chake. Wa pili uliningʼinia kwenye msumari nyuma ya pazia la chumba hiki hiki. Ulikuwapo.

"Nani anajua habari ya huu msumari?"

"Uliza nani hajui. Hiyo orodha ni fupi."

"Bwana Harker anajua?"

"Amos alimwonyesha mwenyewe mwaka juzi, alipotaka kuona makaburi ya zamani yameandikwa wapi."

Amos Thwaite alikuwa mtunza kanisa. Kwenye daftari la Purvis alikuwa na mistari miwili tu. Alisema hakuingia chumba hiki tangu Jumapili. Jumatano asubuhi Edith ndiye aliyekuja kuchukua kitabu akipeleke kwa wakili wa kijiji, akakuta sanduku tupu.

"Mwalimu, nieleze lile neno la kitabuni ambalo wakili wa Harker analipinga," Iveson alisema. "Kwa ajili ya ripoti."

"Umezaliwa maili nne kutoka hapa, Clifford. Unalijua."

"Najua kulisema. Sijui limetoka wapi."

Edith alikaa hatimaye. "Laiksome. Mwanakondoo wa Aprili ni laiksome. Ng'ombe aliyefungwa zizini miezi sita, siku ukimfungulia akarusha miguu hewani kama mwehu, ni laiksome. Mtoto asiyetulia kwenye mahubiri. Ni mwenye kupenda mchezo, lakini mchezo usio na ubaya ndani yake."

"Na asili?"

"Wanorwe. Walivuka bahari miaka elfu moja iliyopita, wakapanda mabonde haya na kondoo wao. Kucheza kwao walikuwa wanasema leika. Wao wakazikwa, neno likabaki, na Laikgarth ni ua wa kuchezea, basi. Huko kusini alikotoka Bwana Harker neno hilo halipo, ndiyo maana wakili wake anasema nimelitunga mimi. Mwaka 1683 mzee mmoja wa kanisa aliandika kwamba uwanja ulio chini ya kanisa uachwe kwa vijana, wapate kuwa laiksome humo baada ya sala, kama baba zao walivyokuwa. Mstari mmoja. Nilinakili kwa mkono wangu, nikapeleka nakala. Wakili akajibu kwamba niliuandika mwenyewe kwa wino wa shule, kisha nikaficha kitabu kisipimwe."

"Uliandika?"

"Nina miaka hamsini na nne na mwandiko wangu watoto wa darasa la pili wanaucheka. Hapana."

Iveson alisimama akaanza kuzunguka chumba. Purvis alikuwa ametafuta kitabu, kwa hiyo alifungua kila kitu kinachofunguka. Iveson alitafuta kitu kisichokaa mahali pake. Kabati la mavazi lilikuwa sawa. Kapu la makaa lilikuwa sawa. Juu ya meza ya mbao nyeupe, karibu na dirisha, palikuwa na rundo la vitabu vya nyimbo, ishirini hivi.

"Hivi vinakaa hapa?"

"Vinakaa kwenye rafu mlangoni." Edith alikunja uso. "Vilikuwa kwenye rafu Jumapili."

Iveson alivihamisha kwa mafungu manne. Chini yake mbao ilikuwa na doa, jeusi kidogo, lenye kung'aa ukiinamisha kichwa. Alilinusa. Kitunguu na seji, yale majani ya kukolezea nyama. Mafuta ya nguruwe.

Lakini kilichomshika ni umbo la doa. Upande mmoja lilitambaa ovyo kama kitu chochote kilichomwagika. Upande wa pili lilikatika ghafla, mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Mafuta yalitiririka, yakagonga ukingo wa kitu, yakasimama.

Alitoa utepe wa kupimia. Mstari ulianza mahali na kuishia mahali, pembe mbili safi.

"Inchi kumi na moja," alisema. "Kitabu kina urefu gani?"

Edith alifungua mkoba, akatoa daftari lake, akapekua. Aliposoma sauti yake ilishuka. "Inchi kumi na moja kwa saba na nusu. Huwa naandika vipimo."

"Basi mtu alikula hapa, kitabu kikiwa mezani. Kikapata mafuta. Kisha kikaondoka."

"Mwizi gani anakula kwanza?"

"Ndiyo swali," alisema Iveson, akachukua kofia.

Hata hivyo alikwenda kwanza kwa Harker. Landrova yake ilionekana nje ya kanisa Jumanne saa tisa alasiri, na jambo kama hilo haliachwi bila kuulizwa kwa sababu ya doa la mafuta. Harker alimpokea sebuleni, amevaa soksi bila viatu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Ulifuata nini kanisani Jumanne?"

"Kupiga picha ya huo ukurasa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga. Hakuna aliyefungua, ingawa moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba."

"Hukumwambia konstebo habari ya moshi."

"Hakuuliza habari ya moshi. Aliuliza nilikuwa wapi." Harker aliweka kikombe chini, akavuta barua kwenye meza, akampa. "Soma. Nimemlipa mtaalamu wa wino anakuja leo saa nane mchana kutoka London. Nataka kitabu hicho kuliko mwalimu wenu anavyokitaka. Wino ukiwa mpya, nimeshinda mpaka kaburini. Kikipotea, watu wa hapa watasema mpaka siku ya kiama kwamba nimekiiba. Ningekuwa mjinga gani?"

"Na wino ukiwa wa kale?"

"Basi nyumba zangu za magurudumu nitaziweka kwingine na mke wangu atafurahi. Hazipendi."

Barua ilikuwa na muhuri wa posta wa Jumatatu. Iveson aliirudisha, akashukuru, akatoka. Saa tatu na dakika arobaini. Moshi, na mlango uliofungwa kwa ndani. Mtu alikuwamo saa tisa, amewasha moto, na hakutaka kuonekana akila.

Desemba Keldrigg hakuna haja ya kuuliza nyama ya nguruwe imetoka wapi. Unauliza nani amechinja. Wiki hiyo alikuwa amechinja Nellie Peacock peke yake, na Iveson alimkuta nyumbani, mikono imejaa chumvi hadi viwiko, anasugua paja la nguruwe juu ya jiwe.

"Umekuja kwa habari ya sahani," alisema Nellie kabla hajasalimiwa.

"Sahani gani?"

"Usinichezee, Cliff. Nimemwambia kila mtu, nikajua mmoja wao atakuita. Nilipeleka sahani saba Jumanne. Maini, nyama ya kukaanga, kitunguu, kama kawaida. Sita zimerudi vizuri. Ya saba nimeikuta mlangoni Jumatano alfajiri imeoshwa."

"Imeoshwa."

"Inang'aa kama sahani ya hotelini. Unaweza kujiona meno." Alipiga paja la nguruwe kofi. "Unaosha sahani ya mwenye nguruwe kabla nyama haijakolea chumvi, unaiosha baraka yake. Nyama yote itaoza. Ikioza hii, nitakula nini mpaka Juni, maneno ya Mungu?"

Purvis angecheka. Iveson hakucheka. Mama yake alirudisha sahani za namna hiyo na mafuta yameganda juu yake, zimefunikwa kitambaa, na mtu aliyethubutu kuzisogeza karibu na maji alijua atakachokipata.

"Harker ulimpelekea?"

"Yule? Nimpe maini yangu ayapake haradali?"

"Mwalimu Edith?"

"Aliileta mwenyewe mkononi, chafu, Mungu ambariki, na huku askari wako anamng'olea sakafu jikoni."

"Basi ya saba ilikuwa ya nani?"

Nellie aliacha kusugua. "Hapo ndipo sielewi. Ya saba ilikuwa ya Amos. Nilimpelekea kanisani, chumba cha nyuma, alikuwa anasafisha bomba la moshi. Lakini Amos hawezi. Mama yake Amos ndiye aliyenizaba kibao nilipokuwa na miaka sita kwa kugusa sahani na kitambaa kibichi. Atakuwa mtu mwingine kaiokota, kaiosha, kaiweka. Hawa wageni."

"Ulimpelekea Jumanne. Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu hivi."

"Asante, Nellie."

"Asante haitunzi nyama," alisema Nellie, akarudi kwenye chumvi.

Iveson alitembea. Nyumba ya Amos ilikuwa hatua mia mbili, ukuta mmoja na ya Edith, na njiani alipanga mambo. Mtu wa hapa aliyefikisha miaka sabini bila kuosha sahani ya namna hiyo haioshi kwa makusudi. Anaiosha siku ambayo akili yake haipo kwenye sahani. Amos alisema hakuingia chumba kile tangu Jumapili. Nellie alimpa chakula humo Jumanne. Mmoja wao alikuwa anasema uongo, na Nellie hakuwa na sababu.

Saa nne na robo alibisha.

Amos Thwaite alifungua mlango, akamtazama usoni, kisha akatazama kofia mkononi mwake. Alikuwa mzee mwembamba, amenyoa vizuri, shati limefungwa vifungo vyote.

"Ingia, mwanangu. Kuna baridi."

"Mzee Amos, kwa nini uliosha sahani ya Nellie?"

Mzee alisimama palepale.

"Niliiosha?"

"Iling'aa."

Amos alikaa kwenye kiti cha karibu polepole. "Nilichemsha maji ya magadi nioshe mikono," alisema. "Mikono ilikuwa na mafuta. Nisingeweza kukigusa kitabu na mikono ile. Lazima niliitumbukiza na sahani. Sikumbuki. Mungu wangu, nyama ya Nellie."

"Kitabu kiko wapi?"

"Kiko salama. Nadhani kiko salama."

"Mzee, nina saa moja na robo tatu, na barabara ina theluji."

Amos alinyoosha kidole kwenye pipa la pumba kando ya jiko. Iveson alivua koti, akakunja mikono ya shati, akazamisha mikono. Pumba zilikuwa za vuguvugu. Vidole viligonga ngozi ya kitabu, akakivuta juu, pumba zikimwagika sakafuni.

"Pumba zinavuta mafuta," alisema Amos nyuma yake. "Mama alisafisha vitambaa vya madhabahu namna hii. Siku tatu. Nilihesabu leo mchana kingekuwa tayari."

"Leo mchana dirisha la ofisi ya wilaya linafungwa."

"Nilijua. Nilisema nitakitoa asubuhi hii. Kisha nikasema nusu saa zaidi. Na nusu saa zaidi."

Iveson alifungua mahali ambapo kurasa zilikuwa zimegandana kidogo. Doa lilikuwa na ukubwa wa kisahani cha kikombe, karatasi imekuwa kama dirisha chafu, mwandiko wa upande wa pili ukijitokeza. Aliinua ukurasa kwenye mwanga. Maneno mawili ya juu yalikuwa yamefutika. Mstari wa Laikgarth ulikuwa pembeni ya doa. Aliufuata kwa kidole bila kugusa, herufi kwa herufi, mpaka akalikuta. Laiksome. Lilisomeka.

Alifunga kitabu taratibu.

"Ulikitoa kwa nini, mzee?"

"Nilitaka kuliona." Amos alikuwa anatazama magoti yake. "Nilitoka shule nina miaka kumi na miwili. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote, kwa kondoo, kwa watoto wa dada yangu. Mwalimu akasema limeandikwa humo, la miaka mia tatu. Mimi sikuwahi kuliona limeandikwa popote. Nikasema nitakula na kulitazama. Nilifunga mlango maana kasisi hataki chakula humo, kwa ajili ya panya. Niliweka sahani nusu juu ya meza, nusu juu ya ukingo wa kitabu. Mtu akagonga mlango, nikashtuka. Sahani ikainama."

"Harker."

"Nilijua ni yeye. Nikasema, akiliona doa juu ya mstari ule, wakili wake atasema tumeuchezea. Basi nikafunika meza kwa vitabu vya nyimbo, nikakileta hapa chini ya koti. Siku moja tu, nilisema. Jumatano yule kijana akaniuliza kama niliingia. Nikasema hapana. Baada ya hapo kila saa ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia."

"Wakang'oa sakafu ya jirani yako."

"Nilisikia," alisema Amos. "Ukuta ni huu hapa. Nilisikia kila msumari."

Hakukuwa na kosa la kumfunga mtu, na Iveson alimwambia hivyo. Kudanganya konstebo ni jambo la kuandikwa, na angeliandika. Kisha akavua foronya kwenye mto wa mzee, akatia kitabu ndani, akatoka.

Edith alikuwa mlangoni kwake. Aliona foronya, akaona nyumba ambayo Iveson ametoka. Alikwenda kwenye gari, akaketi mbele, akanyoosha mikono kupokea.

Maili kumi na mbili. Kwenye kona ya daraja gari liliteleza, likagonga ukuta wa mawe kwa upande, taa ikavunjika, na Edith akakikumbatia kitabu kama alivyosema, kama mtoto mchanga. Injini haikuzima. Iveson alirudi nyuma, akanyoosha usukani, wakaendelea.

Walifika dirishani saa sita kasoro dakika tisa. Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua kitabu mahali Edith alipoweka karatasi.

"Na hili doa?"

"Mafuta ya nguruwe," alisema Iveson. "Ya Jumanne. Nina maelezo ya aliyeyamwaga. Nitaandika hapa hapa na kutia sahihi."

Karani aliinama karibu, akasoma mstari mara mbili, midomo ikisogea. Kisha akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika.

"Bibi yangu alikuwa ananiita hivyo," alisema. "Sijalisikia tangu tumzike."

Alichukua muhuri, akaupumulia, akaugonga kwenye dai. Aliandika saa. Akamrudishia Edith nakala yake, akamwambia mtaalamu wa wino wa Bwana Harker anaweza kukiona kitabu hapo hapo ofisini, mbele ya watu, akipenda.

Edith alikaa kwenye benchi la ukumbini, akavua glavu moja, akaiacha ya pili. Alianza kucheka, akashindwa kuacha, akafuta macho kwa glavu. Iveson alimnunulia chai kwa mama wa usafi, naye akainywa yote bila kupumzika.

"Ni Amos," alisema alipomaliza.

"Ni Amos."

"Siku mbili na nusu alinisikia ninavyoitwa mwizi."

"Alisikia."

Alitikisa kichwa taratibu, akavaa tena glavu.

Mtaalamu alikuja saa nane kamili, akakaa na kitabu mpaka saa kumi, akasema wino ni wa kale kuliko ukuta wa ofisi. Harker aliondoa pingamizi lake Jumatatu. Jumanne watoto walicheza mpira Laikgarth kwenye theluji inayofika magotini, na hakuna aliyehesabu magoli.

Iveson aliandika ripoti yake kurasa mbili. Mwishoni, mahali pa hasara, aliandika kama ilivyokuwa. Taa moja ya gari la polisi na bamba la upande wa kushoto. Ukurasa mmoja wa mwaka 1683, maneno mawili hayasomeki tena. Siku mbili za konstebo mmoja, na asubuhi moja ya sajenti. Mbao sita za sakafu, zilizorudishwa vibaya. Amos Thwaite aliacha kazi ya kanisa kwa barua ya mistari mitatu, baada ya miaka thelathini na mmoja.

Jambo moja hakuliandika, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi yake. Kwa miaka kumi na tisa Amos na Edith walikuwa wanakunywa chai pamoja kila Alhamisi, wiki hii kwake, wiki ijayo kwa mwenzake. Alhamisi iliyofuata kila mmoja alikunywa yake, upande wake wa ukuta.